Nani Mwenye Kalamu: Kanuni za Halmashauri za Mitaa, Tanganyika na Tanzania Bara, 1926–2021

Kila halmashauri ya wilaya, mji, manispaa au jiji katika Tanzania Bara huendeshwa kwa maandishi ya ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni sheria ya Bunge pamoja na hati inayoianzisha halmashauri yenyewe, ambayo hutaja jina lake, mipaka yake na madaraka iliyopewa. Ngazi ya pili ni kanuni za kudumu, yaani taratibu wanazozifuata madiwani ndani ya ukumbi, kuanzia namna ya kuitisha mkutano, akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali) na namna ya kutoa hoja na kuijadili, hadi namna ya kumchagua mwenyekiti au meya na ya kumwondoa. Ngazi ya tatu ni sheria ndogo, ambazo halmashauri huzitunga kwa ajili ya wakazi, zikihusu ushuru wa mazao, usafi, masoko, mifugo na mengine ya aina hiyo.

Ngazi ya tatu ndiyo inayojulikana zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomkuta mkulima kwenye geti la ushuru na mchuuzi sokoni, ilhali ya pili hubaki mikononi mwa madiwani, makarani na mwanasheria wa halmashauri. Hata hivyo, anayetaka kuzielewa serikali za mitaa na zilikotoka hana budi kuitazama ngazi hiyo ya pili kwa makini, maana humo ndimo linamojitokeza swali la nani aliyeruhusiwa kubadili kanuni na kwa idhini ya nani. Katika kipindi cha takriban miaka mia moja ni nadra halmashauri zenyewe kuanzisha mapitio ya kanuni zao; mara nyingi mapitio yamekuja kwa waraka kutoka juu, au kwa shinikizo la watu waliokuwa nje ya ukumbi, na pale wajumbe walipokaa, wakaijadili katiba ya baraza lao na kuiamua kwa kura, matunda ya kazi hiyo hayakudumu.

Chini ya Wajerumani utawala wa mitaa uliwategemea maliwali, maakida na majumbe, ambao walipokea amri na kuzitekeleza, na baraza la bomani lilikuwa mahali pa kusikilizia mashauri na kutangaziwa kodi. Waingereza, waliokabidhiwa nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walitunga Sheria ya Mamlaka za Wenyeji mwaka 1923, lakini mfumo wao hasa ulikuja na Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925 akitokea Nigeria na kuleta utawala usio wa moja kwa moja. Sheria mpya ya mwaka 1926 iliwatambua machifu, na mahali pengine mabaraza ya machifu, kuwa mamlaka za kiserikali zenye mahakama na hazina zao, na hazina hizo zilipata fungu la kodi na kulipa mishahara ya machifu wenyewe, makarani na matarishi.

Sheria hiyo iliyagawa maandishi ya mamlaka hizo mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa amri, ambazo chifu aliweza kuzitoa juu ya mambo yaliyoorodheshwa, kama vile pombe, ukataji wa miti, silaha, uchafuzi wa maji na kuenea kwa magonjwa. Fungu la pili lilikuwa kanuni, zilizohusu amani, utaratibu na ustawi wa watu kwa upana zaidi, nazo hazikuwa na nguvu mpaka zipate idhini ya wakubwa wa serikali. Juu ya yote hayo alikuwapo ofisa wa wilaya, ambaye wananchi walimwita Bwana Shauri, na ambaye aliweza kumwagiza chifu atoe amri fulani au afute nyingine, na chifu akipuuza, akaitoa yeye mwenyewe. Kuhusu namna baraza lenyewe linavyopaswa kuendesha kikao, nani akae humo na nani azungumze, sheria haikusema mengi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mila zinatosha. Ukweli ni kwamba mila zilizotajwa mbele ya Bwana Shauri mara nyingine zilikuwa mpya kuliko walivyodai waliozitaja, na aghalabu ziliwafaa zaidi wao kuliko raia zao.

Upungufu wa mpango huo ulijitokeza Upare. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 baraza la machifu wa huko liliingiza kodi ya nyongeza iliyoitwa mbiru, ambayo ilipangwa kwa kumkadiria kila mlipaji kulingana na mali yake, na wakadiriaji wakawa ni watu wa machifu hao hao. Mlipa kodi hakuwa na mjumbe barazani wala kifungu cha kumwezesha kupinga makadirio, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa ya miguu: mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya, Same, wakapiga kambi hapo kudai kodi hiyo iondolewe, nao walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika kitabu juu ya mgogoro huo, ameonyesha jinsi walivyojipanga kwa nidhamu. Kodi hiyo iliondolewa hatimaye, na baraza la Upare likaanza kupokea wajumbe wasio machifu, badiliko ambalo halikupendekezwa na kikao chochote cha baraza lenyewe.

Kilimanjaro ndiko mahali ambapo suala la katiba ya baraza lilijadiliwa kwa kina kuliko pengine popote katika Tanganyika ya wakati ule, na sababu yake kubwa ilikuwa kahawa. Wachaga walikuwa wamegawanyika katika himaya nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mangi wake, na baraza la wamangi lililokutana Moshi chini ya uangalizi wa Bwana Shauri lilikuwa chombo cha kigeni kwao, kilichobuniwa ili serikali ipate mahali pamoja pa kuzungumza na mlima mzima. Ofisa Charles Dundas, ambaye baadaye aliandika kwa Kiswahili kitabu cha *Asili na Habari za Wachaga*, aliwahimiza wenyeji kulima kahawa miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, ambacho mwaka 1932 kilirithiwa na chama cha ushirika cha KNCU. Mamlaka ya wenyeji ilipoweka kanuni ya kumlazimisha kila mkulima auze kahawa yake kupitia ushirika huo, kanuni ambayo wengi waliiona kuwa imepikwa baina ya serikali na wamangi, mwaka 1937 kulizuka fujo sehemu mbalimbali za mlima. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba kanuni ya baraza inaweza kugusa mfuko wa kila kaya, na kwa hiyo swali la nani ameketi katika baraza hilo halikuweza kuachwa kwa wamangi peke yao.

Mwaka 1946 serikali ilipanga upya muundo wa utawala mlimani. Himaya zote zilikusanywa katika tarafa tatu za Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya kila tarafa akawekwa mangi mwitori, yaani mkuu wa tarafa: Abdiel Shangali kwa Hai, Petro Itosi Marealle kwa Vunjo na John Maruma kwa Rombo. Kwa mtazamo wa boma ulikuwa mpango nadhifu, wenye ngazi za mabaraza kuanzia chini hadi Baraza la Wachaga, lakini kwa watu wengi uliongeza tabaka la wakubwa juu ya wakubwa waliokuwapo, huku ukiwashusha hadhi wamangi waliobaki bila tarafa. Petro Itosi Marealle, ambaye mwaka uliofuata alichapisha *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera*, alikuwa msomi aliyezijua mila kwa undani, na bado elimu yake haikutosha kuufanya muundo huo uonekane kuwa umetokana na mila.

Upinzani ulipata chombo mwaka 1949, wakati Petro Njau na Joseph Merinyo walipoongoza kuundwa kwa Umoja wa Raia wa Kichaga wa Kilimanjaro. Dai lao kuu lilikuwa na sura mbili ambazo mtu wa leo angeziona kuwa zinapingana: walitaka wananchi wa kawaida wapate nafasi katika mabaraza, na papo hapo walitaka awepo Mangi Mkuu mmoja juu ya mlima wote, cheo ambacho hakikuwa na mizizi imara katika historia ya himaya zile. Kinachoziunganisha sura hizo ni kura. Mangi Mkuu waliyemtaka angechaguliwa na watu, kwa hiyo angekuwa na mamlaka ambayo waitori watatu hawakuwa nayo, na angeweza kusimama mbele ya serikali kama msemaji wa mlima mzima. Majadiliano yalipita katika mabaraza ya ngazi zote, rasimu zikaandikwa na kurudishwa, na serikali, ambayo mwanzoni haikuupenda mpango huo, ikakubali. Katika uchaguzi wa mwaka 1951, uliofanywa kwa kura ya siri, waitori watatu walisimama pamoja na kijana mtumishi wa serikali aliyeitwa Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu aliyejulikana sana enzi za Wajerumani, na kijana huyo akawashinda wote. Januari 1952 alisimikwa.

Katiba iliyoanza kutumika wakati huo ilikuwa na thamani kubwa kwa kuwa iliandikwa baada ya watu kusikilizwa, na Baraza la Wachaga lilifanya kazi kwa bidii katika miaka iliyofuata: lilikuwa na bendera, siku yake ya sherehe kila Novemba, na gazeti la Kiswahili lililoitwa *Komkya*. Lakini jambo moja katika katiba halikupata jibu lililoridhisha pande zote, nalo ni muda wa Mangi Mkuu madarakani na kama cheo chake kingerithiwa. Mwaka 1951, wakati shauku ya kumpata kiongozi mmoja ilikuwa juu, swali hilo lilionekana dogo. Kufikia mwaka 1958, wakati chama cha TANU kilikuwa kimeenea nchini na vijana waliosoma walikuwa wakizungumza habari za uhuru na uchaguzi, lilikuwa limekuwa swali kuu. Solomon Eliufoo wa Machame aliongoza chama cha kidemokrasia cha Wachaga kilichoungana na TANU, chama hicho kikapata nguvu ndani ya baraza, na baraza likachukua hatua ya kuipitia upya katiba yake. Mwaka 1960 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka kuendelea na Mangi Mkuu au kuwa na rais wa Wachaga atakayechaguliwa kwa kipindi maalumu, na walio wengi wakachagua rais. Eliufoo akashika wadhifa huo.

Ni vigumu kupata mfano mwingine wa wakati huo ambapo baraza la mitaa lilibadili kifungu cha msingi cha katiba yake kwa mfululizo kamili wa hatua, kuanzia hoja ukumbini, azimio, hadi uamuzi wa wapiga kura wenyewe. Badiliko hilo lilikuwa na gharama, kwa kuwa Marealle aliyeondolewa alidai fidia mahakamani na kushinda, na serikali huru ikajibu kwa sheria ya kuzuia madai ya machifu wa zamani yaliyotokana na kufutwa kwa vyeo vyao. Lililo zito zaidi ni kwamba kazi yote hiyo ya miaka zaidi ya kumi, tangu Njau na Merinyo walipoanza, haikupata muda wa kuonyesha kama inafaa au haifai, maana uchifu ulifutwa nchi nzima mwaka 1963 na Baraza la Wachaga likageuzwa kuwa halmashauri ya wilaya iliyofanana na nyingine zote.

Wakati Kilimanjaro ikijadili katiba yake, serikali kuu ilikuwa imeandaa njia nyingine kwa sehemu zilizobaki. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 iliruhusu kuundwa kwa halmashauri kwa hati, yaani waraka rasmi wa serikali unaotaja wajumbe ni akina nani na wanapatikanaje, na Gavana Edward Twining alikusudia hati hizo zilete mabaraza ya mseto, yenye viti vya Waafrika, Wazungu na Waasia, hata mahali ambapo Wazungu na Waasia walikuwa wachache mno. Usukuma, ambako TANU ilipigwa marufuku tangu 1954 hadi 1958, ndiko mpango huo ulikokwama. Halmashauri ya Geita ilipogeuzwa kuwa ya mseto mwaka 1958, watu waliipinga kwa mikusanyiko iliyodumu kwa miezi, wengine wakiandamana hadi Mwanza, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. Tofauti kati ya Geita na Kilimanjaro inafundisha jambo: Geita watu walikataa hati waliyoletewa ikiwa imekamilika, wakati Kilimanjaro walibishana juu ya rasimu ambayo ilikuwa ingali mezani.

Miji ilikuwa na historia yake. Dar es Salaam iliongozwa kwanza kwa sheria ya miji midogo ya mwaka 1920, kisha ikapata hadhi ya manispaa mwaka 1949 chini ya sheria ya manispaa ya mwaka 1946, ikiwa na meya mwenye joho na mkufu, kamati zenye majina yaliyokopwa Uingereza, na kanuni za kudumu zilizofuata mfano wa huko. Kanuni hizo zilikuwa zao la mabaraza ya miji ya Uingereza ya karne ya 19, na zilibeba busara iliyopatikana kwa ugomvi wa muda mrefu. Kwa mfano, katika mabaraza mengi ya huko hoja ya kubadili kanuni za kudumu, ikishatolewa na kuungwa mkono, huahirishwa bila mjadala hadi mkutano wa kawaida unaofuata, ili walio wengi kwa siku moja wasije wakageuza taratibu kwa ajili ya jambo lililowakera asubuhi hiyo. Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha umeya, mwaka 1960, alikuwa Sheikh Amri Abedi, ambaye miaka sita kabla alikuwa ametoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, na si kila mji unaoweza kujivunia kwamba msimamizi wa kanuni za baraza lake ndiye pia mwandishi wa kanuni za ushairi wa lugha yake.

Baada ya uhuru halmashauri za wilaya zilienezwa nchi nzima kwa kutumia ile ile sheria ya mwaka 1953, lakini madiwani wapya walirithi majukumu makubwa kuliko mapato, hasa ya shule za msingi, zahanati na barabara, na kodi zao zilipopunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi zilishindwa kujiendesha. Mwaka 1972 serikali ilileta mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, na kwa jina hilo la kugawa madaraka halmashauri za wilaya zikafutwa katikati ya mwaka huo, zikifuatiwa na zile za miji. Mahali pake pakawekwa kamati na mabaraza ya maendeleo ambamo watendaji wa serikali walikuwa na sauti kubwa. Kwa mwanafunzi wa kanuni hiki ni kipindi cha ukimya, maana pasipo diwani anayewajibika kwa wapiga kura hakuna haja ya kifungu cha akidi kinachomlinda, wala cha kuuliza maswali, wala cha kumwondoa mwenyekiti. Makarani waliozijua taratibu walihamishwa au kustaafu, na ujuzi wa kuandika muhtasari na kupanga yatokanayo (mambo yaliyoagizwa na kikao kilichopita) ambao ulikuwa umejengwa kwa miaka zaidi ya ishirini ulififia.

Miji ilirudishiwa halmashauri zake mwaka 1978, baada ya uchafu na maradhi kuonyesha kwamba mitaro na majalala havisimamiwi kutoka ofisi ya mkoa. Wilaya zilisubiri zaidi. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha mfululizo wa sheria, zikiwamo Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha za serikali za mitaa. Uchaguzi ukafanyika mwaka 1983 na halmashauri zikaanza kazi Januari 1984. Katika mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa, na ibara za 145 na 146 ziliwekwa katika Katiba ya nchi ili serikali hizo ziwe na mahali pa kushikia. Hata hivyo halmashauri za wilaya zilizofufuka hazikuwa zile zilizokufa. Zilizaliwa zote kwa siku moja, katika mfumo wa chama kimoja, zikiwa na kanuni za kudumu zilizofuata kielelezo kimoja, kiasi kwamba diwani aliyehama kutoka wilaya moja hadi nyingine angekuta vifungu vile vile vikiwa na jina tofauti juu ya jalada.

Utaratibu wa mapitio uliotokana na sheria hizo ndio unaotumika kwa sehemu kubwa hadi leo. Rasimu huanzia kwa mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa vikao vyote, akisaidiwa na mwanasheria wa halmashauri. Hupelekwa kwenye kamati ya fedha, ambayo katika wilaya huitwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango na huongozwa na mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe. Kisha huletwa mbele ya mkutano wa halmashauri kamili, ambao kwa kawaida hukutana mara moja kila robo mwaka na ambao mwananchi yeyote ana haki ya kuuhudhuria akiwa msikilizaji. Likipita hapo azimio hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, mwenye uwezo wa kuidhinisha au kurudisha. Kwa upande wa sheria ndogo kuna hatua ya ziada, kwamba wakazi hutangaziwa kusudio la kuzitunga ili watoe maoni au pingamizi kabla hazijaenda kwa waziri, ingawa tangazo hilo mara nyingi huishia kwenye ubao wa ofisi ya kata ambako wachache hufika.

Ukurasa wa mwisho wa sheria ndogo yoyote iliyochapishwa katika Gazeti la Serikali unaonyesha mgawanyo huo wa madaraka bila kuhitaji maelezo. Kwanza hutajwa kwamba lakiri, yaani muhuri rasmi wa halmashauri, imebandikwa kufuatia azimio lililopitishwa katika mkutano wa tarehe fulani. Chini yake huja sahihi ya mkurugenzi, kisha ya mwenyekiti au meya. Halafu, baada ya nafasi, huja neno moja kwa herufi kubwa, NAKUBALI, na chini yake jina na cheo cha waziri, mji na tarehe. Kati ya tarehe ya azimio na tarehe ya kukubaliwa huweza kupita miezi mingi, na katika muda huo uamuzi wa baraza zima, hata kama ulipita bila kupingwa, hauwezi kumtoza mtu hata shilingi moja. Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba unawakinga wakazi dhidi ya ushuru holela, na hoja hiyo ina uzito, maana kufikia mwanzoni mwa karne hii utitiri wa tozo za halmashauri ulikuwa kero kubwa mpaka serikali kuu ilipozifuta nyingi mwaka 2003, pamoja na kodi ya maendeleo iliyotozwa kwa kila kichwa. Lakini mwaka huo pia hazikuwa halmashauri zilizokaa na kuzichambua sheria zao ndogo moja baada ya nyingine. Uamuzi ulitoka juu, kwa wakati mmoja, na bajeti za wilaya zikarekebishwa baadaye.

Kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 kuliibadili kazi ya kanuni za kudumu kuliko marekebisho yoyote ya maneno yake. Chini ya chama kimoja, mzozo juu ya mwenyekiti au juu ya ajenda ulimalizwa katika kikao cha chama kabla ya baraza kukutana, na kanuni zilikuwa hazijaribiwi. Madiwani wa vyama tofauti walipoketi katika ukumbi mmoja, kila kifungu cha akidi, cha kura ya siri na cha nani ni mjumbe halali kikawa silaha. Programu ya maboresho ya serikali za mitaa na sheria ya marekebisho ya mwaka 1999 zilijaribu kuipa halmashauri nafasi pana zaidi, zikasisitiza kupeleka madaraka kwa wananchi, na mwaka 2000 zikatoka kanuni za maadili ya madiwani, ambazo pia zilitungwa katikati kwa ajili ya nchi nzima. Katika miaka hiyo hiyo Dar es Salaam ilikuwa haina diwani hata mmoja: halmashauri ya jiji ilisimamishwa mwaka 1996 na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na madiwani waliporudi mwaka 2000 walikuta mji wao umegawanywa kuwa manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke, huku jiji likibaki juu yake kama mratibu asiye na eneo lake mwenyewe.

Baraza la jiji la namna hiyo, lenye wajumbe waliotoka katika manispaa za chini yake, lilikuwa uwanja mzuri wa mabishano ya kanuni. Uchaguzi wa meya baada ya uchaguzi mkuu wa 2015 uliahirishwa mara kadhaa, kila upande ukibishana juu ya nani ana haki ya kupiga kura, mpaka Isaya Mwita wa chama cha Chadema alipochaguliwa Machi 2016. Januari 2020 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, katika kikao ambacho upande mmoja ulisema theluthi mbili ya wajumbe imetimia na mwingine ukasema haikutimia. Kwa mtu asiyezoea mambo ya ukumbini huo ni ubishi wa kuhesabu vichwa tu. Kwa anayejua historia ya kanuni hizo, ilikuwa mojawapo ya mara chache ambapo kifungu cha kanuni kilisomwa magazetini na kujadiliwa na wananchi wasio madiwani, kama ilivyokuwa Kilimanjaro miaka 60 nyuma.

Mjadala juu ya kanuni za jiji haukuendelea zaidi ya hapo. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha hadhi Manispaa ya Ilala, ambayo ndiyo ikawa Jiji la Dar es Salaam. Madiwani wa Ilala waliochaguliwa Oktoba 2020 kuongoza manispaa wakajikuta wanaongoza jiji, bila uchaguzi mwingine kufanyika.